Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Haya ni maneno tuliyoyasema Katindo, mjini Goma, mbele ya vikundi vya akiba. Wengi walikosa mahali pa kuketi, na ndugu wa machimboni hawakuweza kushuka wote. Kwa hiyo tunayapiga chapa hapa ili kila mmoja ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.)



Twajua ya kuwa kila aliyeketi hapa ameacha kazi yake. Mama ameacha meza yake ya samaki kule Kituku, kijana ameacha mzigo wake Birere, na ndugu aliyetoka Rubaya amepita njia isiyo na amani. Kwa hiyo hatutawapotezea saa kwa maneno ya mapambo.

Neno tulilo nalo ni moja. Kazi ya kuwasaidia watu wakae vizuri na fedha zao ni UFUNDI. Ni ufundi kama useremala, kama ushonaji, kama ukunga. Una masomo yake, una vyombo vyake, una miiko yake, tena una mtihani wake. Mtu asiyefundishwa akiushika ufundi huu ataharibu mali ya watu, hata akiwa na moyo mwema.

WAZEE HAWAKUWA WAJINGA

Mara nyingi wageni huja kwetu na vitabu vyao, nao huanza kwa kusema: "Watu wa hapa hawana desturi ya kuweka akiba." Je, ni kweli? La, si kweli hata kidogo! Kabla ya mgeni wa kwanza kufungua kitabu chake, mama zetu walikuwa na likirimba. Watu kumi hupatana. Kila juma kila mmoja hutoa fedha sawa na mwenziwe. Juma hili huchukua huyu, juma lijalo huchukua yule, mpaka wote kumi wamepata. Hakuna karani wala muhuri. Kinachowafunga ni haya na heshima. Je, hiyo si akiba?

Husema tena: "Wazee wenu huficha fedha chini ya godoro." Ni kweli, wako waliozificha. Lakini wanaosema hivyo hawaulizi sababu. Basi na tuwaambie sababu.

Mwaka 1950 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kasha la akiba, ndilo lililokuja kuitwa CADECO. Watu wa mishahara waliambiwa waweke fedha, wakaweka. Tarehe 25 Desemba 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 si fedha tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadili, na kiasi cha kubadili kikawekewa mpaka. Mkulima aliye mbali na benki, mchimbaji aliye ndani ya msitu, angefanya nini? Noti zake ziligeuka karatasi za kuwashia moto.

Haikuishia hapo. Mwaka 1991, kule Kinshasa, mchezo wa fedha ulioitwa Bindo ulianguka. Watu walikuwa wameahidiwa kwamba fedha yao ikikaa muda mfupi itarudi imezaa mara nyingi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za walioingia nyuma yao, na walioingia mwisho walikuta mlango umefungwa. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu, ndugu zetu: franga moja ya siku hiyo ilikuwa zaire bilioni 300 za zamani! Mzee aliyeweka zaire zake tangu ujana wake, akiziacha katika kitabu cha akiba, aliamka akakuta hazinunui hata njiti moja ya kiberiti.

Sasa huyo mzee akificha dola yake godoroni, tutamwita mjinga? Hapana. Yeye alisoma somo lake, ila alilisoma peke yake, kwa uchungu, bila mwalimu na bila mwenzake. Ndiyo sababu twasema: anayekuja kuwafundisha watu habari za fedha, kwanza ajifunze habari za watu hao. Hilo ni somo la kwanza la ufundi huu.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Tusiseme ya wazee tu. Sisi wenyewe tumeona. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia hapa Goma, mabenki yalifunga milango. Mwenye mshahara wake benki akawa sawa na asiye na mshahara. Wako waliovuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta mahali pa kutoa fedha zao wenyewe. Wako waliokuwa na fedha katika simu, lakini ili wapate noti mkononi iliwabidi wamwachie wakala sehemu ya fedha hiyo. Mtu alikuwa na mali, na watoto wake walilala njaa.

Katika siku hizo tuliona jambo la kufikirisha. Viko vikundi vilivyokufa siku ileile, kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye akakimbia. Tena viko vikundi vilivyotawanyika, watu wakalala huku na huko, lakini waliporudi walikaa chini na kila mmoja akaweza kusema: "Mimi nilikuwa na hisa kadhaa, fulani alikuwa na deni kadhaa, sandukuni kulikuwa na kadhaa." Wakaanza tena.

Nini kiliwatenga hawa na wale? Si utajiri, maana wote walikuwa maskini. Hawa wa pili walikuwa wamefundishwa vizuri. Fedha yaweza kufungiwa, yaweza kuibiwa, yaweza kufutwa na serikali siku ya Noeli. Lakini ujuzi ulioenea kwa watu wengi haufungiwi mlango.

UFUNDI UNA CHUO CHAKE

Jirani zetu wa Tanganyika waliliona jambo hili mapema. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikubwa cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Baadaye ilionekana wazi kwamba chama hakiendi kwa nia njema pekee. Chahitaji watu wajuao kuandika vitabu, kukagua hesabu, kuongoza mkutano na kumwambia mkubwa "hapana". Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Ushirika pale Moshi, nacho mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu. Mtu huenda pale kusomea ushirika kama vile mwingine anavyokwenda kusomea udaktari.

Kwetu Congo, INPP, yaani taasisi ya serikali ya kufundisha watu kazi, iliundwa mwaka 1964, ikafika hata Goma. Sheria inawataka waajiri waigharimie kwa kutoa sehemu ya jumla ya mishahara wanayolipa. Kijana hujifunza umeme, magari, ujenzi, ushonaji. Ni jambo jema sana. Lakini twauliza: seremala aliyefundishwa kushika randa, asipofundishwa hesabu, atafanya nini? Atauza kitanda kwa bei isiyorudisha hata fedha ya mbao, naye atashangaa kwa nini kazi haimtoi katika umaskini. Mikono imesoma, mfuko haujasoma. Ufundi wa mikono na ufundi wa fedha ni ndugu wawili, na haifai kumpeleka mmoja shule na kumwacha mwingine nyumbani.

SANDUKU LENYE MAKUFULI MATATU

Basi ufundi huo wa fedha hufundishwa namna gani? Hatuna haja ya kwenda mbali. Wengi wenu mwajua vikundi viitwavyo AVEC. Namna hii ya vikundi ilianza mwaka 1991 kwa wanawake wa Maradi, katika nchi ya Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, kisha ikaenea Afrika nzima. Watu kati ya 15 na 30 wanaojuana hukaa pamoja. Kila mkutano kila mmoja hununua hisa kadiri ya nguvu zake, na katika kitabu chake hupigwa muhuri kwa kila hisa, ili hata asiyesoma aweze kuhesabu. Fedha huwekwa katika sanduku lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Fedha hutoka na huingia mbele ya macho ya wote. Mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana zote pamoja na faida, kisha huanza upya.

Tuseme kikundi kina watu 25, na kila mmoja anaweka dola 2 kwa juma. Hizo ni dola 50 kwa juma. Kwa majuma 50 ni dola 2,500, bila kuhesabu faida. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa mlinganishe na mkopeshaji yule wa mtaani ambaye watu wetu humwita Bank Lambert. Tuseme amekukopesha dola 100 kwa riba ya dola 20 kila mwezi. Baada ya miezi mitano umekwisha kumpa dola 100 za riba tu, na zile 100 zake bado unazo shingoni! Katika kikundi, tuseme riba ni dola 5 kwa mwezi, ukikopa dola 100 kwa miezi mitatu utaongeza dola 15. Na hizo 15 zitakwenda wapi? Zinarudi sandukuni, nawe mwisho wa mwaka utapata sehemu yako. Huko ulilisha mtu mmoja, huku mnalishana wenyewe.

Lakini angalieni vizuri mwiko mkubwa wa ufundi huu, maana ndipo penye siri yote. MFUNDISHAJI HAGUSI FEDHA. Hashiki ufunguo. Haandiki katika daftari la kikundi. Hamchagulii mtu kiongozi. Mwanzoni huja kila juma, kisha huja mara moja moja, na mwisho haji tena. Mama akimfundisha mtoto kutembea hushika mkono, kisha huachia. Mama asiyeachia mkono mpaka mtoto ana ndevu, huyo hakufundisha kutembea, alitafuta mtu wa kuegemea.

KOSA LETU WENYEWE

Tusijifanye watakatifu. Na sisi tulikosa.

Kikundi chetu cha kwanza kilikuwa na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri. Tulimpenda. Tulisema: "Wewe andika, sisi tunakuamini." Wengine hatukujua kusoma, na waliojua waliona uvivu kukagua. Ikapita miezi minane. Siku moja mama mmoja, muuza makala, aliuliza mbona hisa zake ni chache kuliko anavyokumbuka. Tukamnyamazisha! Tulimwambia, "Mama, hujui kusoma, daftari halisemi uongo." Naye alikuwa na fundo katika kipande cha kamba kwa kila hisa aliyonunua. Akaileta kamba yake. Tukahesabu mafundo, tukahesabu daftari, tukaona aibu.

Je, kijana yule alikuwa mwizi? Hakuwa mwizi. Alikuwa hakufundishwa. Aliruka mistari, alijumlisha vibaya, kisha akaogopa kusema, na kosa dogo likazaa makosa. Wenye kosa tulikuwa sisi sote, tuliomwachia mzigo wa watu 22 akiwa peke yake. Tulilipa fedha ile polepole kutoka mifukoni mwetu. Yule mama alikubali kubaki nasi, nasi tulimpa ufunguo mmoja. Tangu siku ile mkutano haufungwi kabla hesabu haijasomwa kwa sauti kubwa, na wanachama wote kuirudia kwa kinywa. Daftari moja liko sandukuni, na daftari la pili liko katika vichwa vyetu vyote. Bunduki inaweza kuvunja kufuli, lakini daftari hilo la pili hailioni.

NDUGU WA MACHIMBO

Sasa twataka kusema na ninyi mnaotoka Rubaya, Bisie na penginepo. Ninyi mnachimba coltan na kasiterite, madini yanayoingia katika simu na mashine za dunia nzima. Twajua jinsi mambo yalivyo. Kabla hujashuka shimoni kuna mtu amekupa chakula, koleo na taa. Ukipata jiwe, yeye ndiye anayelipima, yeye ndiye anayetaja bei, yeye ndiye anayekata deni lake. Kinachobaki hukiona kidogo, nawe hukimaliza siku hiyohiyo kwa sababu kesho hujui kama utapanda kutoka shimoni ukiwa hai.

Hatuwalaumu. Mtu anayeishi na kifo jirani hawezi kuambiwa tu "weka akiba" kama mtoto wa shule. Lakini twasema hivi: anayepima jiwe lako akiwa peke yake atakula jasho lako daima. Sheria ya Madini ya Congo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji awe mwanachama wa ushirika uliokubaliwa na serikali. Ni maneno mazuri. Lakini twajua sote kwamba vyama vingine ni vya jina tu: kuna mwenye chama, na kuna wanaochimba. Mchimbaji hajaona kitabu cha hesabu hata siku moja. Mtoto asiyemjua baba yake haulizwi urithi, na mwanachama asiyejua hesabu hapewi haki.

Kwa hiyo kila timu ya shimo moja imchague kijana mmoja, ajifunze mizani, ajifunze bei, ajifunze kuandika uzito na deni katika daftari dogo la mfukoni, mbele ya wenzake. Tena kuwe na mfuko wa msiba unaowekwa kando, usioguswa kwa mikopo. Shimo likianguka, mjane asianze kupita nyumba kwa nyumba na bakuli.

MAMA NA KALAMU

Neno kwa akina baba. Zamani, kwa Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mumewe katika mambo mengi ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Leo mke anaweza kufungua hesabu benki na kutia sahihi kwa jina lake. Lakini sheria ikiwa Kinshasa na kalamu ikiwa mkononi mwa baba, mama amepata nini? Hapa Goma mwenye kulisha nyumba mara nyingi ni mama. Basi tusimfanye mpishi wa mkutano. Katika kila watu wawili tunaowapeleka mafunzo, mmoja awe mama.

CHETI SI KAZI

Na hayo mafunzo yenyewe tuyatazame kwa macho mawili. Tuliwahi kuitwa katika semina moja ya siku tatu, hatutataja ya nani. Tulipewa chupa za maji, tukapewa mifuko yenye maandishi, tukapigwa picha, tukapewa cheti chenye muhuri. Mwalimu alisema maneno makubwa ya Kifaransa. Tuliporudi nyumbani mama wa kamba yenye mafundo alituuliza: "Sasa nyinyi mwaweza kufanya nini ambacho juzi hamkuweza?" Tulikosa jibu. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali letu kwa kila mwalimu, naye hulijibu kabla hatujaketi.

Mwalimu mzuri twamjua kwa mambo manne. Husema lugha ya watu. Huuliza kabla ya kufundisha. Hagusi fedha. Na akiondoka, kazi haisimami. Akikosa hata moja, mshukuruni kwa heshima, mtafute mwingine.

BASI TUFANYE NINI

Ndugu zetu, hatutaki mtoke hapa mmepiga makofi tu. Tumekubaliana mambo haya, nayo twayarudia ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kila kikundi cha Katindo kichague watu wawili, mmoja wao mama, wajifunze kuandika na kukagua daftari kwa muda wa mzunguko mzima, si kwa siku tatu. Waliojifunza wasikague kikundi chao wenyewe, wakague cha jirani, maana nyani haoni kundule. Fedha nyingi isilale sandukuni. Itembee katika mikopo midogo, iwe samaki, iwe unga, iwe mbao. Asikopeshwe mtu zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Na yeyote anayekuja na ahadi ya fedha kuzaa bila kazi, aambiwe habari za Bindo, kisha aonyeshwe mlango.

Mambo haya hayataleta amani peke yake, wala hayatamzuia Nyiragongo asiteme moto kama alivyofanya Januari 2002 na Mei 2021. Lakini mara zote mbili watu wa mji huu walirudi juu ya mawe ya moto wakajenga. Kila mara tulijenga nyumba kwanza. Safari hii tujenge na daftari.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, tutakutana hapahapa. Mwenye kalamu aje na kalamu. Asiye na kalamu aje na kamba.